Takwimu za mbio za mbwa Uingereza 2024: vifo vimepungua kwa nusu kweli?

Mchambuzi_Tanga

Wakuu, naomba msaada wa wanaoelewa mbio za mbwa. Napitia takwimu za mwaka 2024 za GBGB, bodi inayosimamia viwanja vyenye leseni England na Wales. Mikimbio 355,682 (mkimbio mmoja ni mbwa mmoja katika mbio moja), majeraha 3,809 (1.07%), mbwa 123 walikufa uwanjani (0.03%), na 94% ya waliostaafu wamepata makazi. Mwaka 2018 mikimbio ilikuwa 426,139, majeraha 4,963, vifo vya uwanjani 242 (0.06%), na waliopata makazi 88%.

Maswali yangu: nikiandika kwamba vifo vimepungua kwa nusu, niko sahihi? Hiyo 1.07% ni kubwa au ndogo? Na upande wa pesa nautazama wapi? Wasomaji wangu wengi wanawajua mbwa wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti tu, wale wa kompyuta, kwa hiyo nataka hawa wenye damu na mifupa niwaeleze sawasawa.

Desimali

Mkuu, idadi ndiyo, kiwango hapana. Kutoka 242 hadi 123 ni karibu nusu. Lakini mikimbio nayo imepungua kwa 16.5%, na mbwa ambaye hakukimbia hawezi kufia uwanjani. Kwenye kiwango, hiyo "nusu" imeletwa na kufupisha desimali. Gawanya mwenyewe: 242 kwa 426,139 ni 0.0568%, ikapandishwa ikawa 0.06. Halafu 123 kwa 355,682 ni 0.0346%, ikashushwa ikawa 0.03. Kiwango kimeshuka kwa 39% hivi. Ni hatua ya maana, ila si 50%. Andika kwa kila mikimbio 10,000: vifo 5.7 mwaka 2018, vifo 3.5 mwaka 2024. Hapo msomaji hapotei.

Sasa fanya hesabu ya pili, ambayo wengi wanairuka. Chukua kiwango cha 2018, kizidishe kwa mikimbio ya 2024, uone namba ingekuwa ngapi kama usalama usingebadilika hata kidogo. Kwa vifo unapata 202. Kwa hiyo katika vifo 119 vilivyopungua, takriban 40 ni kwa sababu mbio zimepungua, na 79 ni kwa sababu kiwango chenyewe kimeshuka. Kwa majeraha picha ni tofauti: unapata 4,142. Yamepungua 1,154, lakini 821 kati ya hayo yametokana na mbio kuwa chache. Yaani katika kila majeraha kumi yaliyopungua, saba hayahusiani na usalama wa uwanja.

Angalia pia mwaka unaoufanya msingi. 2020 usiuguse: mbio zilisimama mwezi Machi kwa ajili ya Korona, zikarudi England tarehe 1 Juni bila watazamaji, na mikimbio ikaishia 318,346. Ukichukua 2021, walikufa mbwa 120 katika mikimbio 359,083, sawa na 0.0334%. Linganisha na 0.0346% ya 2024. Kushuka kote unakokuona kati ya 2018 na 2024 kulikuwa kumeshafikiwa mwaka 2021, na kiwango cha 2024 hakiko chini ya hapo. Mimi hiyo ndiyo ningeifanya habari, kuliko nusu.

Kona_ya_Kwanza

Kwenye swali la pili, kosa la kawaida ni kudhani 1.07% maana yake ni mbwa mmoja kati ya mia. Ni mkimbio mmoja kati ya mia, na mbwa hakimbii mara moja kwa mwaka. Chukua mbwa wa mikimbio 40: 0.9893 ukiizidisha kwa yenyewe mara 40 unapata 0.65. Uwezekano wake wa kupata jeraha angalau moja ni kama 35%, tukichukulia hatari ni sawa kila siku.

Ila "jeraha" hapo linabeba kila alichoandika daktari wa mifugo, tangu msuli uliovutika na kidole kilichochanika hadi mfupa uliovunjika. Kinachotisha zaidi ni kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Mbwa hukata kona kwa kushoto, na kwenye kona mguu huo wa nje ndio unaosukuma, mwendo ukiwa kilomita 60 kwa saa au zaidi. Mifupa midogo ya kifundo inachoka kidogo kidogo hadi siku inapovunjika. Ndiyo maana mwezi Desemba 2018 ulianzishwa mpango wa kuchangia gharama za matibabu ya mifupa. Mwaka 2018 mbwa 175 waliuawa kwa sababu matibabu yao yalionekana ghali. Sasa idadi hiyo iko chini ya 10. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipobadilika kweli kuliko pote.

Mengine yako mikononi mwa watu wawili. Mtunza uwanja: mchanga ukikauka unamomonyoka chini ya kucha mbwa anapokata kona, akateleza, ukishindiliwa ukawa mgumu, kishindo chote kinapanda kwenye mifupa. Wa pili ni mpangaji wa mbio. Mbwa ni sita, wanaanzia kwenye vibanda namba 1 (ndani kabisa) hadi 6 (nje kabisa). Mbwa anayependa kukimbilia nje huandikwa W akapewa vibanda vya nje, wa katikati M. Akikosea akamweka mbwa wa nje kibanda cha 2, atakatiza wenzake kabla ya kona ya kwanza, na hapo ndipo wanapogongana.

Mama_Mifugo

Naongezea juu ya 94%. Ni 94% ya mbwa waliotoka kwenye mbio mwaka huo, si ya mbwa waliozaliwa. Zaidi ya nne kwa tano ya wanaokimbia Uingereza wamezaliwa Ireland, na mtoto wa mbwa ambaye hakufaulu hata kuvuka bahari hayumo kwenye takwimu hizi. Hilo liandike waziwazi, kaka, maana wengi wanaisoma kama mbwa wote.

Pesa: tafuta ripoti ya BGRF, mfuko unaopokea mchango wa makampuni ya kubeti, 0.6% ya mauzo yao (jumla ya dau) ya mbio za mbwa. Ni wa hiari. Mbio za farasi zina tozo ya kisheria, 10% ya faida ghafi, mbwa hawana. Kwa hiyo pesa ya matibabu na makazi inategemea mauzo na utashi wa makampuni, na mauzo yakishuka, mfuko unashuka palepale. Mpango wa kustaafu ulioanza Septemba 2020 ulianza na pauni 400 kwa kila mbwa, nusu mwenye mbwa, nusu GBGB, na zinalipwa kwa kituo kilichoidhinishwa kinachompokea.

Mchambuzi_Tanga

Asanteni sana wakuu, nimerudia hesabu na zinakubali. Swali la mwisho: nawezaje kujua uwanja upi ni salama zaidi?

Desimali

Kwa takwimu hizi huwezi. Kanuni za England za 2010 zinataka daktari wa mifugo awepo mbio zinapoendeshwa na majeraha yaandikwe, lakini kinachotangazwa ni jumla ya viwanja vyote. Ungepata hesabu ya kila uwanja pamoja na mikimbio yake, ungejua kama tatizo ni kona za uwanja fulani au ni la mchezo mzima.

Na ukija kulinganisha na 2025, kumbuka Crayford ilifungwa Januari 2025, kwa hiyo mikimbio yake haitakuwepo. Wales ina uwanja mmoja tu, Valley, uliopata leseni 2023, na serikali yake ilitangaza Februari 2025 kwamba itapiga marufuku mbio hizi.