Pawatila au trekta dogo kwa ekari 8?

Mkulima wa Mbarali: Wakuu, nina ekari 5 za mpunga bondeni na 3 za mahindi juu. Nichukue pawatila (trekta la magurudumu mawili, unaliongoza kwa mikono ukitembea nyuma) au trekta dogo la Kijapani lililotumika, nguvu farasi (hp) 24?

Fundi: Mkuu, majarubani pawatila yenye magurudumu ya chuma inatosha kabisa. Ila huko juu udongo ukikauka inarukaruka tu, mikono inakufa ganzi. Chukua trekta, lenye kuvuta magurudumu yote manne. Liwashe injini ikiwa baridi, uangalie kama inatoa moshi mwingi. Kisha nyanyua jembe, zima injini. Likishuka lenyewe upesi, haidroliki (mfumo wa mafuta unaonyanyua jembe) imechoka.

Mkulima: Shukrani sana. Na spea?

Fundi: Ulizia kwanza filta na klachi pleti Mbeya mjini. Ukizikosa achana nalo, hata bei ikikuvuta.