Ramani ya ulimwengu wa gemu kwenye karatasi ya A1: kuunga picha za skrini, kutoa data kwenye faili, au kuchora upya?

Nukta300
Wakuu, habari. Naomba tulinganishe njia hizi tatu kwa anayetaka ramani ya kubandika ukutani, yenye majina, mwinuko na njia zote. Tuanze na karatasi, maana ndiyo inayoamua mengine. A1 ni milimita 594 kwa 841. Kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji picha ya pikseli 7016 kwa 9933. A0 kwa kiwango hichohicho ni 9933 kwa 14043, na leya (tabaka la picha) moja tu yenye uwazi inakula karibu MB 560 za RAM. Ziwe leya kumi, kompyuta ya GB 8 itaganda.

Picha ya ardhi ikitazamwa kutoka hatua mbili, pikseli 150 kwa inchi zinatosha. Kwa maandishi hazitoshi, kwa sababu mtu atasogea kuyasoma. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, majina na mistari vibaki vekta (michoro ya mistari inayokuzwa bila kupoteza ukali) hadi siku ya kuchapa.

kamera_juu
Picha za skrini zinafaa kwa gemu ambayo faili zake hazifunguki, ila iwe na kamera huru, unayoweza kuipeleka angani ikatazama chini wima. Kosa kubwa ni kuacha pembe ya uoni wa kamera, yaani upana inaoona, kwenye nyuzi 90. Kamera ikiwa mita 1000 juu kwa nyuzi 90 inaona mita 2000 za ardhi, lakini mnara wa mita 50 ulio ukingoni mwa picha unaonekana umelalia nje kwa mita 50 na zaidi. Picha ya jirani inauonyesha umelalia upande mwingine, na hapo maungio hayakubali hata ufanye nini. Punguza pembe hadi nyuzi 30: unaona mita 536 tu, lakini mnara uleule unalala mita 14 hivi.

Gharama yake ni wingi wa picha. Eneo la kilomita 4 kwa 4, kila picha ikikatwa mraba na kupishana na mwenzake kwa 30%, linataka picha 11 kwa 11, yaani 121. Kabla ya picha ya kwanza simamisha saa ya gemu ili vivuli visihame, zima ukungu na mawingu, na sukuma umbali wa kuonyesha vitu hadi mwisho. Usipofanya hivyo miti ya pembeni itatoka kama vibao bapa.

Ukitumia Hugin, programu ya kuunga picha, kumbuka kwamba yenyewe hudhani kamera imesimama sehemu moja ikageuka. Wewe umeihamisha, kwa hiyo lazima uruhusu vigezo vya kuhama vya X, Y na Z, la sivyo ramani inapinda kama bakuli. Mimi napendelea kupanga kwa hesabu ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha: picha ya mraba ya pikseli 1080 yenye mpishano wa 30% inasogezwa pikseli 756 kila mara, basi.

bloku_kwa_bloku
Kwa Minecraft (toleo la Java) hakuna haja ya kamera kabisa. Ulimwengu umehifadhiwa kwenye faili za .mca, kila moja ikibeba bloku (michemraba inayojenga ulimwengu huo) 512 kwa 512. Nakili folda ya ulimwengu ukiwa umefunga gemu, ifungue kwa uNmINeD, programu ya kuchora ramani za Minecraft, kisha toa picha ya PNG ya bloku moja kwa pikseli moja. A1 ya pikseli 300 inajaa kwa bloku 7016 kwa 9933, yaani faili 14 kwa 20. Bloku moja ikihesabiwa mita moja, skeli ni takriban 1:11,800.

Mambo mawili huharibu kazi. La kwanza ni mashimo meusi: sehemu ambayo hakuna mchezaji aliyefika haijazalishwa, kwa hiyo haimo kwenye faili. Izalishe kwanza kwa programu-jalizi ya Chunky. La pili ni kukuza picha kwa ulainisho. Bloku zinageuka ukungu. Kuza kwa 200% au 300% kamili bila ulainisho, ili kila bloku ibaki mraba wenye kingo kali.

Na tafadhali msichapishe ramani ile inayoshikwa mkononi ndani ya gemu. Hata ile ya kiwango cha juu kabisa inayobeba bloku 2048 ina pikseli 128 tu upande mmoja. Kwa pikseli 300 kwa inchi hizo ni milimita 11, ukubwa wa kifungo cha shati.

Kontua315
Naongezea upande wa mwinuko, maana hapo ndipo ramani ya mpenzi wa gemu inapoanza kufanana na ramani ya kweli. Ukipata picha ya mwinuko, yaani ile ambayo weupe wa kila pikseli ni urefu wa ardhi, hakikisha ni ya biti 16. Ya biti 8 ina ngazi 256 tu. Mlima wa mita 1000 unapanda kwa ngazi za karibu mita 4, na kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa) zinatoka kama matuta ya shamba. Biti 16 ina ngazi 65,536.

Ifungue ndani ya QGIS, programu ya kutengeneza ramani, weka kivuli cha milima kwa mwanga wa nyuzi 315, urefu nyuzi 45, halafu chora kontua juu yake. Mwanga utoke kaskazini-magharibi. Ukiutoa kusini, macho ya watu wengi yanaona mabonde kuwa vilima.

Kwa Minecraft kuna mtego: Z inaongezeka kuelekea kusini, lakini Y ya QGIS inaongezeka kuelekea kaskazini. Ukiingiza koordineti za vijiji bila kugeuza alama ya Z, vyote vinahamia upande wa pili wa ramani. Andika Y = −Z, mambo yanakaa.

@kamera_juu, picha yako iliyoungwa bado ina kazi, kwa kuwa picha ya mwinuko haina majengo wala barabara. Ipachike juu kwa Georeferencer, zana ya QGIS ya kulinganisha picha na ramani. Pointi 3 za kulinganishia zinatosheleza hesabu lakini hazionyeshi kosa. Weka 6, zilizotawanyika hadi pembeni.

mstari_mwembamba
Kuchora upya kwa Inkscape, programu ya michoro ya vekta, kunachukua muda mrefu kuliko njia zote, lakini ndiko kunakosomeka vizuri. Picha ya juu ya msitu ni fujo ya kijani. Mchoro unaamua msitu uko wapi na njia inapita wapi. Weka ile picha leya ya chini kabisa kwa uwazi wa 40%, ifunge isisogee, chora pwani kwanza, mito, njia, mwisho majina. Mstari usipungue pointi 0.25, maandishi yasipungue pointi 6. Jina la mto lifuate mkondo wake. Kabla ya kupeleka kuchapa, geuza fonti kuwa maumbo kwenye nakala, na uhifadhi faili la asili lenye maandishi yanayoharirika.

PlotaMoja
Upande wa uchapaji: uliza kwanza mashine ni ipi. Plota ya wino (printa ya karatasi kubwa) mara nyingi hutaka RGB, rangi za skrini, yenye profaili ya sRGB na kugeuza rangi yenyewe. Ukiipa CMYK, rangi nne za wino wa uchapaji, unaipunguzia rangi. Ofseti, mashine ya kuchapa kwa sahani, inataka CMYK, na Scribus, programu ya kupanga kurasa, itakutolea PDF yake. Hapo bluu kali ya bahari itafifia, jiandae. Maandishi meusi yawe nyeusi 100% peke yake, kwa sababu meusi ya rangi nne yakikosa kulingana kidogo tu, herufi zinapata kivuli. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa.

Karatasi isiyong'aa ya gramu 180 hadi 200 ndiyo chaguo langu kwa ukutani. Turubai ni nzuri kwa macho ila nyuzi zake zinameza herufi ndogo. Juu yake usishuke chini ya pointi 8. Kitambaa cha poliesta kinakunjika bila alama, lakini wino husambaa, mistari iwe nusu milimita au zaidi. Ya kukunja mfukoni iwe gramu 90 hadi 120. Karatasi nzito iliyopakwa hupasuka wino kwenye mikunjo.

Na nembo ya gemu iondoeni. Soma masharti ya wenye gemu kuhusu kazi za mashabiki kabla ya kugawa nakala, na usiuze bila ruhusa.

Nukta300
Shukrani wakuu. Mwenye printa ya A4 tu nyumbani afanyeje? Nadharia inasema A1 ni A4 nane.

PlotaMoja
Nane hazitoshi, mkuu. Printa inaacha milimita 5 kila ukingo, na unahitaji mpishano wa milimita 10 wa kubandikia. Kila karatasi iliyolazwa inasonga milimita 277 kwa 190, kwa hiyo A1 inataka 3 kwa 4, yaani 12, na safu ya nne inabeba ukanda wa milimita 14 tu. Punguza ramani hadi 97%, zinatosha 9.

Kwenye dirisha la kuchapa chagua ukubwa halisi, si kutosheza ukurasa. Weka mstari wa milimita 100 pembeni baada ya kupunguza ramani, chapa karatasi moja kwanza, pima kwa rula. Ukisoma 96 au 97, simama hapo urekebishe kabla ya zile nane nyingine.