Wanajua udongo vizuri ila Kiswahili kinawabana, nifanyeje?

MwlMaswa: Habari zenu walimu. Mi nafundisha Jiografia na Mazingira la tatu huku Maswa, watoto wengi nyumbani ni Kisukuma tu. Juzi tulikuwa kwenye udongo, nauliza mfinyanzi una sifa gani, darasa zima kimya. Tumetoka nje namkuta mmoja anawaelezea wenzie kwa Kisukuma kwa nini kule bondeni mpunga unakubali na viazi vinaoza, na yuko sahihi kabisa! Huyohuyo nikimpa jaribio anapata sifuri. Inaniuma kwa kweli. Nina watoto 90, nifanyeje?

MamaChaki: Pole mwanangu. Usianze na neno, anza na udongo wenyewe. Kila kundi lilete wa kwao wautaje kwa jina la nyumbani, luseni, mbuga, ibambasi, we unaandika ubaoni halafu pembeni ya luseni unaweka kichanga, pembeni ya mbuga mfinyanzi. Ibambasi, ule mgumu usiopitisha maji, waache wakueleze wenyewe, hapo ndo sentensi zinatoka. Mi nawaandikia mwanzo tu, "Udongo huu unatunza maji kwa sababu...", wanamalizia wawili wawili kwa mdomo, kuandika baadaye. Msamiati wanakariri, kinachowakwamisha ni hizo "kwa sababu" na "kwa hiyo".

Ubao_Mweusi: Lakini mama kwetu ukisikika unaongea kilugha darasani unaitwa ofisini. Na upimaji wa la nne ni Kiswahili.

MamaChaki: Ndiyo, na mimi kipindi hakiishi mpaka wamesema kwa Kiswahili, hapo silegezi. Kilugha ni cha kuanzia tu. Ila aliyechanganya asichekwe wala kuchapwa, akishaogopa huyo hanyooshi mkono tena mwaka mzima.

Nyanda_Shy: Mwalimu ukifika kwenye kutunza mazingira usiache ngitili, yale malisho wazee wanayoyatenga yapumzike. Vitabu vinasema "hifadhi ya uoto wa asili" mtoto anatoa macho, kumbe anachungia pembeni yake kila siku na anajua kabisa kwa nini ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi. Hata mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 miti ilirudi kwa kufufua ngitili hizohizo za wazee.

MwlMaswa: Asanteni sana, mama shikamoo. Kesho nawatuma udongo, kila kundi kopo moja. Ngitili wiki ijayo, kuna babu wa mmoja wao anayo jirani na shule, naenda kumwomba leo jioni atupokee, halafu watoto ndo wamuulize maswali.