Tupeane uzoefu: diklo imewahi kukufanya nini?

Fundi Zege
Wakuu, habari za jioni. Niko nyumbani Mbozi, nimekuja kumwona mama. Leo nilikuwa natafuta kiberiti jikoni nikafungua kopo lake la Blue Band, kumbe humo ni dawa tupu. Bahasha tatu za kaki kutoka maduka matatu, zote zimeandikwa 1x3 kwa kalamu ya bluu, basi. Vidonge vimekatwa kwa mkasi hadi jina limebaki nusu. Kuunganisha unganisha: moja ni diklofenaki, hii diklo yetu ya maumivu, ya miligramu 50, nyingine ni diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, ya tatu Brufen. Nikamuuliza. Anasema ya kwanza ya magoti, ya pili ya kichwa, ya tatu ya kiuno. Siku ikiwa mbaya anameza zote. Na presha anayo, ana dawa zake za kliniki.

Mimi mwenyewe kwenye zege nimezitafuna kama karanga. Nani zimewahi kumfanya kitu? Tupeane uzoefu, lakini wa kweli.

Konda Mstaafu
Diklo ndiyo chakula cha usiku cha mafundi wote. Niko hapa nasoma.

Mzee wa Semi
Umenikumbusha mbali mkuu. Nimeendesha semi Dar–Tunduma miaka 11, mgongo wa usukani mnaujua wenyewe. Pakiti ilikaa kwenye dashibodi pembeni ya leseni: moja alfajiri na kahawa kavu, moja tukifika Mikumi, moja nikilala. Kula ni saa kumi jioni, tukipata pa kuegesha. Nimekwenda hivyo kama miezi mitano. Tumbo likiwaka nasema ni pilipili ya chipsi mayai. Halafu choo kikaanza kuwa cheusi, kile cheusi cha lami, kinanata, na harufu yake si ya kawaida. Nikasema maharage. Mtu mzima na akili zangu timamu.

Asubuhi hiyo tumesimama Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu. Nashuka tu, jasho la baridi, miguu haina mwenyewe. Nikashika meza ya mama mmoja muuza vitunguu, nikatapika. Kilichotoka kilikuwa kama machicha ya kahawa, na nikajipa moyo kwamba si nimekunywa kahawa. Mara ya pili ikaja nyekundu. Yule mama hakupiga kelele. Alisogeza vitunguu vyake pembeni, akanikalisha juu ya gunia, akamwambia utingo wangu: "Huyu baba asipande Kitonga." Fikiria ningekuwa kwenye zile kona za mlima na tani 30 nyuma.

Hospitali wakapima, damu 5. Wakaniongeza uniti tatu. Daktari akauliza natumia dawa gani. Nikamjibu, "Situmii dawa yoyote daktari, diklo tu." Akaweka kalamu mezani akaniangalia. Kamera ilipoingia tumboni ikakuta kidonda kinavuja. Tangu siku hiyo ukoo wote nimepigwa marufuku: diklo, Brufen, aspirini, meloksikamu. Nikipita Ruaha Mbuyuni huwa naitafuta ile meza kwa macho.

Mama Kulwa
Jamani. Pole sana baba.

Muuza Mitumba
Chai hii, tena ya tangawizi. Natumia diklo tangu 2012, kila Jumatatu nikishusha marobota. Niko fiti kuliko wengi humu. Mlikuwa na vidonda vyenu kabla, msisingizie dawa.

Mzee wa Semi
Kadi ya hospitali ninayo, njoo Makambako nikuonyeshe. Chai uliyoiona wewe mimi niliitapika.

Konda Mstaafu
😂😂 Muuza Mitumba kajibiwa.

Binti wa Kaunta
Mimi nauza dawa, niseme kidogo. Diklo inazuia kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe. Shida ni kwamba kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizuia upande mmoja umezuia na mwingine. Mtu mzima asizidishe miligramu 150 kwa siku, ameze kidogo inavyowezekana na kwa siku chache. Fundi, mama yako akimeza bahasha zote tatu 1x3, hiyo diklo peke yake kwa kawaida ni mara mbili ya kiwango, bado Brufen juu. Na mwenye dawa za presha ndiye wa kuogopa zaidi. Hizi zinapandisha presha, na zikikutana na vidonge vya kukojoza maji na baadhi ya dawa za presha, figo zinaumia kimyakimya. Mpeleke akapimwe presha na figo.

Kijana wa Tandale
Na ninyi si ndio mnaotuuzia? Hakuna siku nimeulizwa kama nina presha. Naulizwa "za mia tano au za buku?"

Binti wa Kaunta
Juzi nimemuuliza mzee mmoja kama ana vidonda vya tumbo. Kaniambia, "Binti, nimekuja kununua dawa, sijaja kuhojiwa," akavuka barabara akanunua kwa jirani. Niambie ningemshika shati?

Kijana wa Tandale
Mngekubaliana na huyo jirani.

Binti wa Kaunta
Haya, utatuitishia kikao wewe.

Mama Kulwa
Mimi ilikuwa mimba ya miezi saba, mgongo unakata. Jirani akanipa mbili kwa upendo kabisa. Bahati nzuri siku hiyo nilikuwa na kliniki, nikamwonyesha nesi. Alizichukua mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto wembe. Akasema kwa umri ule wa mimba zinaweza kuubana mshipa wa moyo wa mtoto kabla ya wakati wake. Nikarudi na Panadol na kuambiwa nilalie ubavu.

Mwana wa Ilala
Dengi ya 2019 Dar, mnaikumbuka? Mwili mzima unauma, nyuma ya macho kama kuna misumari. Nikajua malaria, nikala diklo siku mbili. Siku ya tatu napiga mswaki fizi zinatoa damu haikatiki. Kufika kupima, chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini. Daktari akasema dengi unapewa parasetamoli na maji, hizi nyingine zinaongeza kutoka damu. Homa usiyoijua chanzo chake, usiigusie diklo. Mimi nilijifunza kwa fizi.

Muuza Mitumba
Kunywa na maziwa tu, maziwa yanatandika tumbo. Bibi yangu alinifundisha.

Dada wa Njombe
Bibi yako alikufundisha na marobota?

Binti wa Kaunta
Kula kabla ya kumeza kunapunguza kichefuchefu, lakini hakukupi kinga. Dawa inaingia kwenye damu kisha inalirudia tumbo kutokea ndani. Ndiyo maana hata sindano inaweza kuleta vidonda vya tumbo. Anayelazimika kuitumia muda mrefu daktari humpa na omeprazoli, ya kupunguza asidi tumboni.

Dada wa Njombe
Umesema sindano. Kaka yangu alichomwa ya diklo takoni na "dokta" wa mtaani, kiuno kilikuwa kimemkaza. Alipochomwa tu akaruka, akasema umeme umeshuka hadi kidoleni. Kesho yake kanyagio la mguu halinyanyuki, anaburuza ndala. Mazoezi miezi tisa. Sasa anatembea, ila ukisikiliza vizuri sakafuni utajua ni yeye anayekuja. Mshipa wa fahamu uko pale pale mnapodungwa, na sindano alishika mtu aliyesomea kwa kuangalia.

Konda Mstaafu
Hii imenitoa hamu ya sindano kabisa.

Msomaji Tu
Mnajua dawa hii iliua tai karibu wote Uhindi? Ng'ombe walikuwa wanatibiwa nayo, ng'ombe akifa tai wanakula mzoga, figo zao zinakufa. Serikali ya kule ilipiga marufuku ya mifugo 2006.

Kijana wa Tandale
Mkuu sisi tunaongelea tumbo, wewe umeleta ndege.

Msomaji Tu
Figo ni figo.

Mzee wa Semi
Mwacheni. Tai hakuambiwa 1x3, na sisi hatukuambiwa zaidi ya hapo.

Muuza Mitumba
Kwa hiyo mtu mwenye mgongo afe? Maana naona kila mtu anakataza, hakuna anayesema tule nini.

Dada wa Njombe
Parasetamoli, na usizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, maana nayo ikizidi inaumiza ini. Diklo ya kupaka pia ipo, hiyo haiingii sana kwenye damu. Na upunguze marobota.

Konda Mstaafu
Au ajiri kijana.

Muuza Mitumba
Ajira nitoe wapi. Ila nitakwenda kupima, maana hilo la choo cheusi... basi tu, nitakwenda kupima.

Mzee wa Semi
Nenda kesho. Usingoje Jumatatu.

Fundi Zege
Wakuu nimerudi, ahsanteni. Nimekaa na mama. Nimemsomea kisa cha Mzee wa Semi chote, akasema "masikini baba wa watu," kisha akaniuliza kahawa ile shambani nitachuma mimi? Maana ile ya magoti ndiyo inayomshusha bondeni asubuhi. Sikuwa na jibu. Tumekubaliana kesho tunakwenda kituo cha afya na kopo zima, wakaone wenyewe. Usiku huu nikasema ngoja nizichukue zile bahasha nilale nazo.

Nimefungua kopo. Ziko mbili.