Naomba ushauri: kanga wanaotaga nyasini, mayai yaachwe au yaokotwe?

Wakuu, naombeni ushauri. Kanga wameachiwa huru shambani, wanataga masika yakishaanza. Kiota ni kishimo kidogo tu chini ya fungu la nyasi. Majike hutagia pamoja, hivyo mayai hupita 20 na ya pembeni hayapati joto, yanaishia viza.

Shida ya kwanza ni nyasi. Zikifyekwa fupi, kunguru na nguchiro wanakiona kiota, na jua la mchana likipiga mayai mama akiwa hayupo, kiinitete kinakufa. Joto kali huua haraka kuliko baridi ya muda mfupi. Zikiachwa zisongamane, vifaranga hawapiti. Zinazofaa ni za kufika gotini, zilizoota kwa mafungu, chini kukiwa na njia tupu.

Ya pili ni maji. Udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Mvua kubwa moja, kishimo kinatuama.

Ya tatu ndiyo inayomaliza. Mayai huatamiwa siku 26 hadi 28, kisha mama (hana subira huyu!) anawaburuza watoto kwenye umande alfajiri. Manyoya yao mororo hayazuii maji: yanagandana mwilini, kifaranga anatetemeka, anabaki nyuma, anakufa.

Sasa: mayai yaokotwe na kuwekewa kuku, au mama afungiwe bandani na vifaranga wiki 2 za mwanzo? Na nani amejaza udongo kuinua sehemu za kutagia, kanga wakakubali kuzitumia?