Kwanini muvi nyingine za ngumi nafuata kila pigo na nyingine nabaki na kizunguzungu, shida ni edita au macho yangu?

Mpenda Picha wa Mbagala

Wakuu habari za Jumapili. Jana nimekaa na mdogo wangu tumeangalia muvi mbili mfululizo, ya kwanza Taken ya tatu ya Liam Neeson, ya pili Mad Max: Fury Road ya 2015. Sasa hii Mad Max ni fujo mwanzo mwisho, magari yanapinduka jangwani, watu wananing'inia kwenye milingoti, moto, mchanga, lakini kila saa nilikuwa najua nani yuko gari gani na anamkimbia nani. Ile Taken kuna mahali stelingi anakimbizwa anaruka fensi, fensi tu ya kawaida, sikuelewa amerukaje. Nimerudisha nyuma mara tatu, naona mkono, naona mguu, naona waya, naona mgongo, tayari yuko upande wa pili. Mdogo wangu anasema macho yangu yamechoka na kazi za usiku.

Halafu kuna muvi zetu hizi za nyumbani, hapo shida inageuka. Gari linapiga honi getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, jamaa anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anabisha hodi, wife kainuka kubandika chai amerudi jamaa bado yuko kwenye korido. Na mimi muvi zetu nazipenda, nataka nizimalize, ila nashindwa.

Naomba wenye ujuzi mnieleweshe, editing nzuri kwa sisi watazamaji ni ipi hasa? Ni kukata haraka au taratibu?

Mkasi na Gundi

Mkuu macho yako ni mazima kabisa. Mimi ni edita, nafanya tamthilia na matangazo hapa Dar, na swali lako ndiyo ugomvi wangu wa kila siku na watu ninaofanya nao kazi.

Kwanza hiyo fensi, hauko peke yako, ni sini maarufu sana kwa maedita dunia nzima. Ndani ya sekunde kama sita kuna mikato zaidi ya kumi. Sasa ukisikia hivyo utasema aha kumbe shida ni kasi, hapana, maana Fury Road nayo ina kasi ya kutisha, ina shoti, yaani vipande vya kati ya mkato na mkato, kama 2,700 ndani ya dakika 120, piga hesabu ni chini ya sekunde tatu kwa kila shoti kwa wastani. Kwahiyo zote mbili zinakata haraka na moja umeielewa nyingine imekushinda.

Tofauti iko kwenye jicho. Kila ukikata unampa mtazamaji picha mpya na jicho lake linaanza kutafuta upya, niangalie wapi, nani huyu, yuko upande gani. Hiyo kazi inachukua muda, mdogo lakini upo. Kwenye Fury Road direkta George Miller na mpiga picha wake waliamua kitu cha muhimu kikae katikati ya fremu karibu kila shoti, uso katikati, bunduki katikati, gurudumu katikati. Picha inabadilika jicho lako liko palepale. Aliyeiediti ni Margaret Sixel, mke wa direkta, na kabla ya hapo hajawahi kuediti muvi ya ekshen, aliletewa masaa kama 480 ya picha akatoa hayo masaa mawili unayoyaona, na akabeba Oscar 2016. Masaa 480 ni siku ishirini usiku na mchana bila kulala, hapo ni kuangalia tu hujakata kitu.

Kwenye fensi kila shoti inaanza sehemu nyingine, mguu uko kulia, mkono uko juu kushoto, jicho linakimbizana halifiki, likifika shoti imeisha.

Ila mkuu hilo la jicho siyo la kwanza kwangu. Kuna mzee wa kazi hii, Walter Murch wa Marekani, alishawahi kupanga vitu sita vya kuangalia kabla hujakata, na cha kwanza ni hisia, akakipa asilimia 51, yaani kimoja kinavizidi vingine vyote vitano vikijumlishwa. Huyo huyo ndiye aliyegundua wakati anaediti muvi ya Gene Hackman miaka ya 70 kwamba pale anapotaka kukata mara nyingi Hackman anapepesa kope. Yaani mtu akimaliza wazo lake kope inafunga, na mkato nao unatakiwa pale wazo linapoisha. Nilivyosoma hilo nilienda kuangalia kazi zangu za nyuma zote, niliumia, nilikuwa nakata watu katikati ya mawazo yao.

Niwape mfano wangu. Kuna sini binti anamwambia baba yake kwamba amefukuzwa shule, na wakati huo baba anamenya chungwa. Nilikata kama kawaida, anayeongea ndiyo anaonekana, binti baba binti baba, kama mpira wa meza. Ikawa haina uzito na hatukujua kwanini maana waigizaji wamefanya vizuri. Usiku nikaifungua tena nikakaa na baba peke yake, sauti ya binti inasikika tu haonekani, na kisu kinamenya, kinamenya, halafu kinasimama. Sijaongeza neno wala muziki. Mama mwenye nyumba wangu aliiona hiyo episodi kwenye TV akanifuata uani kuniuliza yule baba ilikuwaje, atamsamehe?

Kibanda Na.7

Fundi hapo umeongea. Mimi siyo fundi ila nimeendesha kibanda umiza miaka kumi na moja Tanga, kuanzia enzi za deki mpaka flashi, na nawaambia ukitaka kujua picha imeunganishwa vizuri au vibaya usiangalie skrini, kaa mlangoni uangalie watu.

Picha za Jackie Chan za zamani zile za Hong Kong, kamera inakaa mbali, unaona mwili mzima, mguu unatoka hapa unafika pale, jamaa anaanguka mezani meza inavunjika, vyote kwenye shoti moja. Na hata wakikata, lile pigo wanalirudia kidogo mwanzoni mwa shoti inayofuata, kidogo sana hulioni ila unalisikia mwilini. Basi kibanda kizima kinanyanyuka, watoto wanapiga mabenchi. Nikiweka hizi za siku hizi kamera inatikisika na mikato kila sekunde, ngumi ikipigwa kunakuwa kimya halafu sauti inatoka nyuma kabisa, nani kapigwa? Hiyo "nani kapigwa" nimeisikia miaka yote. Mtu katoa hela yake amekaa kwenye joto anauliza nani kapigwa, hiyo ni haki yake kuijua.

Na kitu kingine, picha zilizotafsiriwa na akina Lufufu zilikuwa na faida yake hapo, au Kenya kwa DJ Afro. Picha ikikuchanganya mtafsiri anakwambia huyu ndiyo yule aliyeua ndugu yake kule mwanzo, huyu sasa anakwenda kulipiza. Wengi wanadhani watu walipenda tafsiri kwa sababu ya lugha tu, mimi nasema hata picha za kihindi ambazo watu walishazoea maneno yake walitaka mtafsiri, kwa sababu anakushika mkono pale picha inapokuacha.

Kwa muvi zetu, nilikuwa najua sini ya kutembea imeanza bila kugeuka, wanatoka kununua kashata.

Shoti ya Pili

Mimi napingana kidogo hapa, mnamtupia edita mzigo usio wake. Nimeshika kamera miaka sita, edita anakata alicholetewa. Mikato mingi kwenye ngumi mara nyingi ni kuficha, mwigizaji hajafanya mazoezi ya kutosha, au anayeruka siyo yeye ni mtu mwingine, au tulipiga shoti moja tu kwa sababu jua lilikuwa linazama na jenereta imeisha mafuta. Edita afanye nini, aruke yeye fensi?

Angalieni Bohemian Rhapsody, ilipewa Oscar ya editing 2019 na mtandaoni watu wakasambaza kile kipande bendi imekaa mezani na meneja, inakata inakata, mpaka anaonyeshwa mtu ambaye haongei wala hasikilizi. Watu wakatukana edita. Hawajui kwamba direkta aliondolewa muvi haijaisha akaja mwingine kumalizia, edita ameletewa vipande vya watu wawili aunge viwe kitu kimoja.

Na hizo ngazi na korido za Bongo muvi anazolalamikia mleta uzi, tuseme ukweli, enzi za DVD muvi moja inauzwa Part 1 na Part 2, kila moja hela yake. Hadithi ni ya dakika 70, tajiri anataka dakika 140. Hizo zingine zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ngazi.

Mkasi na Gundi

Shoti ya Pili ni kweli kabisa, na hilo la Part 1 Part 2 nimelipitia, nimekaa na tajiri mmoja usiku ananiambia "rudisha ile ya geti, mbona umeitoa". Nilirudisha. Nilikuwa na kodi ya kulipa na sijivunii.

Lakini siyo kila upungufu unaleta kitu kibaya. Jaws ya 1975, papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kila akiingia maji ya chumvi, shoti za papa hazitoshi. Verna Fields aliyeiediti na direkta wake wakabaki na maji, na mapipa ya njano yanaelea, na nyuso za watu. Papa huyo humuoni vizuri mpaka muvi imepita saa moja. Na ndiyo sababu inatisha, unamtafuta wewe mwenyewe majini. Naye alibeba Oscar. Kwahiyo kuletewa vichache siyo kisingizio cha kila kitu, inategemea unajiuliza nini. Mimi najiuliza sasa hivi mtazamaji anataka kumuona nani. Jamaa anapanda ngazi, sawa, kama tunajua mle ndani kuna mtu kamvizia, basi mpandishe ngazi zote ngazi moja moja na hakuna atakayekwenda kununua kashata. Kama ndani hakuna kitu, kata, sikia hodi, mlango ufunguke.

Bint Saidi

Wanaume mmeongelea ngumi tu, naomba niingize ya kwangu. Mimi naangalia na mama, hajui kiingereza, anasoma maandishi ya chini. Muvi ikikata haraka na watu wanaongea haraka anasoma mstari wa kwanza, akiinua macho picha imeshahama, hajui nani kasema. Ananiuliza, nikimjibu na mimi nimepitwa. Anapenda zile ambazo mtu akiongea jambo zito kamera inabaki kwake kidogo baada ya maneno kuisha. Tena anasoma uso vizuri kuliko mimi, ananiambia huyu anadanganya, na kweli baadaye inakuwa hivyo.

Na la pili ni muziki, hilo nalo si liko mezani kwa edita? Tamthilia zetu simu inaita, mtu hajasema hata haloo, kinanda cha msiba kimeshaanza. Sasa nimeshajua kuna mtu kafa. Halafu muziki unapanda mpaka maneno hayasikiki na hapo ndiyo anasema kafa nani. Jamani tuachieni tusikie kwanza, tutalia wenyewe.

Mkasi na Gundi

Dada hilo la muziki liko mezani kwangu na nalichukua. Mara nyingi tunaweka muziki kwa sababu saundi iliyorekodiwa ni mbaya, kuna feni, kuna bodaboda, tunafunika. Na ukifunika maneno umefunika muvi.

Kuhusu kubaki kwenye uso baada ya maneno, sekunde moja kwenye TV ni fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, nimeshagombana na watu kwa ajili ya fremu nane. Msalimie mama.

Mleta uzi nikupe jaribio. Weka muvi yoyote unayoipenda, zima sauti kabisa, chagua sini moja ya dakika mbili, weka kidole kwenye skrini pale jicho lako lilipo, kila picha ikibadilika angalia kidole kimelazimika kuhama umbali gani. Halafu rudia na ile fensi.

Mpenda Picha wa Mbagala

Wakuu nashukuru sana, uzi umenifundisha kuliko nilivyotegemea. Nimefanya hilo jaribio leo na mdogo wangu, yeye ndiye aliyeweka kidole kwenye laptopu. Mad Max kile kipande cha lori la mafuta na wale wa pikipiki kwenye korongo, kidole kimehama kidogo sana, kama kimegundishwa katikati. Kwenye fensi kidole kimehama juu, chini, kulia, sini haijaisha akakitoa mwenyewe akasema siwezi.

Halafu tukaweka muvi moja ya nyumbani ya zamani, sini ya mama anamsubiri mwanae hospitali kwenye benchi, shoti ni ndefu tu hakuna mkato, kama dakika nzima. Kidole hakikuhama na hakuna aliyeinuka. Wife akatuambia tuwashe sauti.