Mwezi kuwa mwekundu unapopatwa: ni kivuli au ni moshi wetu?

Mdau_Katubuka
Wakuu, naomba kueleweshwa. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa, hapa Kigoma ulichomoza upande wa milimani ukiwa tayari na rangi ya chungwa, kabla haujaanza kumegwa. Kisha ukamegwa kidogo kidogo na weusi mtupu. Ulipofunikwa wote, weusi ukageuka wekundu! Kama kinachoufunika ni kivuli cha dunia, wekundu unatoka wapi? Na kwa kuwa Septemba mapori yanachomwa, si moshi tu huo?

Mwl_Unyanyembe
Ndugu, uliona wekundu wa aina mbili usiku mmoja.

Wa kwanza ni wa moshi, hapo uko sahihi. Kigoma mwezi ulitoka saa 1 na dakika chache, na kivuli kiliugusa saa 1:27 ukiwa kwenye kimo cha digrii 6 tu. Mwezi ukiwa chini hivyo, nuru yake inakufikia ikiwa imepita kwenye hewa nene yenye vumbi na moshi wa kiangazi. Wekundu wa namna hiyo hupungua kadiri mwezi unavyopanda, na hutokea hata usiku ambao hakuna kupatwa.

Wa pili ulionekana wazi saa 2:30 hadi saa 3:52, dakika 82, mwezi ukiwa umeshapita digrii 20. Huo hautokani na moshi wa Kigoma wala wa Tabora. Aliyekuwa Nairobi na aliyekuwa Mumbai waliuona vilevile.

Chanzo chake ni hewa inayoizunguka dunia. Miali ya jua inayopita kandokando ya dunia hupinda ikiingia kwenye hewa, na hupinda tena ikitoka, jumla kama digrii 1. Inatosha kuifikisha ndani ya kivuli, kwenye mwezi ulio kilomita 384,000 hivi. Safari hiyo ni ndefu: jua linapozama, nuru yake hupita kwenye hewa karibu mara 38 ya ile ya jua la utosini, na miali hii inakwenda mara mbili ya hapo. Njiani chembe za hewa hutawanya buluu mara 4 hadi 6 kuliko nyekundu. Kinachobaki kufika mwezini ni nyekundu. Mtu angesimama mwezini saa ile angeiona dunia nyeusi yenye pete nyembamba nyekundu pande zote.

Kuhusu ule weusi wa mwanzo: sehemu iliyoingia kivulini ilikuwa nyekundu tangu hapo, ila jirani yake ilikuwa inawaka mara elfu kadhaa zaidi. Jicho lililozoea mwanga ule haliwezi kuona rangi hafifu pembeni yake. Ziba sehemu angavu kwa ukingo wa paa au ukuta, utaanza kuona kahawia kabla mwezi haujafunikwa wote.

Ziwa_Tanganyika
Naongezea hapo kwa mwalimu, maana wengi hudhani wekundu ni mmoja mwezi mzima. Miali inayopita hewa ya chini kabisa ndiyo hupinda sana na kufika katikati ya kivuli, na hewa hiyo ndiyo yenye mawingu na vumbi, kwa hiyo katikati ni giza. Inayopita juu, kwenye tabaka la gesi ya ozoni, hupinda kidogo na kuangukia ukingoni. Ozoni hufyonza rangi ya chungwa na sehemu ya nyekundu, hivyo ukingo wa kivuli una mkanda mwembamba wa samawati. Tumia darubini ya macho mawili dakika chache kabla na baada ya mwezi kufunikwa wote. Kwa macho matupu wengi huukosa.

Usiku ule wa Septemba mwezi ulipita kusini ya kitovu cha kivuli. Ndiyo maana upande wake wa kaskazini, wa kushoto kwa anayetazama mashariki, ulikuwa na giza zaidi.

Wekundu pia haufanani kila mara. Kuna kipimo cha Mfaransa André Danjon cha tangu 1921: 0 mwezi karibu hauonekani, 1 kijivu au kahawia, 2 kutu, 3 tofali la kuchoma, 4 shaba ing'aayo. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka Juni 1991, na Desemba 1992 mwezi ulipopatwa ulikuwa na giza kupindukia kwa sababu ukungu wa volkano ulikuwa bado juu sana angani. Moshi wa mapori yetu haufiki huko.

Mdau_Katubuka
Nimeelewa, asanteni. Naweza kuwaonyesha watoto nyumbani?

Mwl_Unyanyembe
Chupa ya maji angavu ya lita 1, ibandue karatasi. Jaza maji safi, uilaze, umulike kwa tochi ya simu kutokea kitakoni, chumba kikiwa na giza. Weka maziwa tone moja moja, tikisa, angalia. Kwa ubavuni maji yanakuwa na ubuluu hafifu, na ukitazama kutokea mdomoni tochi inakuwa ya manjano, kisha chungwa. Nusu kijiko cha chai kwa kawaida kinatosha. Watu huharibu kwa kumimina: maji yakishakuwa meupe kama uji, rangi zote zimetawanyika sawa na huoni kitu, mwaga uanze upya. Ondoa malai kwanza, matone makubwa ya mafuta huleta weupe huohuo. Na balbu ya zamani ya waya haifai sana, buluu yake ni kidogo tangu mwanzo.

Picha_Ujiji
Kwa wapiga picha: mwezi mpevu ni ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), sekunde 1/250. Ukishafunikwa wote, ISO 1600, f/5.6, sekunde 1. Hiyo ni tofauti ya mwanga ya karibu mara 8,000, kwa hiyo otomatiki isahau. Kwa lenzi ya milimita 200 usizidishe sekunde 2, picha itavutika kwa sababu dunia inazunguka. Stendi ni lazima, na tumia kipima muda ili kidole kisitikise kamera. Mpangilio wa rangi (white balance) uache kwenye alama ya jua. Otomatiki huufanya wekundu uwe rangi ya maziwa ya chai, halafu mtu analaumu simu.

Tarehe 28 Agosti 2026 kivuli kinaanza kuumega saa 11:33 alfajiri. Utafunikwa kama asilimia 93 ya kipenyo chake, lakini kwetu unazama ziwani, upande wa Kongo, karibu saa 1 asubuhi, dakika chache kabla ya kilele. Hapo wekundu wa moshi na wa kivuli vitachanganyika, na kupambazuka juu yake. Kufunikwa wote kutakakoonekana vizuri huku ni 31 Desemba 2028, kuanzia saa 1:16 jioni, mwezi ukiwa ndio kwanza unachomoza.